Kutoka Ubaoni Hadi Ofisini: Asili ya Mafunzo ya Walimu Wakuu

Mwalimu wa lugha hulipima jambo kwa kuanza na jina lake. Katika shule zinazotumia lugha yetu ya Kiswahili, kiongozi wa shule anajulikana kwa majina mawili. Nchini Tanzania aongozaye shule ya msingi huitwa mwalimu mkuu, na aongozaye sekondari huitwa mkuu wa shule. Mpita njia atadhani majina hayo ni mamoja. Lakini tukiyachambua kama tuchambuavyo sentensi mbele ya wanafunzi, twaona tofauti kubwa. Katika jina la kwanza nomino ni “mwalimu”, na “mkuu” ni kivumishi tu kinachofuata nyuma. Katika jina la pili kivumishi kimepanda cheo kikawa nomino, na mwalimu ametoweka kabisa. Kwa jirani zetu wa Kongo, waliorithi taratibu za shule kutoka kwa Wabelgiji, kiongozi wa shule ya msingi ni direkta na wa sekondari ni prefe. Huko nako ualimu hautajwi.

Jambo hili si mchezo wa maneno. Ndani yake mna swali lililowashughulisha wataalamu wa elimu kwa zaidi ya miaka mia moja: mtu aliyefundisha vizuri darasani afunzwe nini, na afunzwe wapi, kabla ya kukabidhiwa shule nzima? Na akishafunzwa, abaki mwalimu au awe mtu wa namna nyingine? Miongoni mwa nchi zilizotangulia kuliingiza funzo hili katika vyuo vikuu, Marekani ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Yafaa tuijue historia yake, kwa kuwa baadhi ya mbegu zake zilipandwa hapa kwetu Afrika Mashariki, na kwa kuwa mwenye busara hujifunza kwa shimo aliloangukia mwenzake.

Mwalimu wa kwanza kati ya walimu

Mwanzoni mwa karne ya 19 shule nyingi za Marekani zilikuwa chumba kimoja na mwalimu mmoja. Watoto wa kila umri walikaa pamoja, na mwalimu huyo ndiye aliyefundisha, aliyewasha moto wa kuotea baridi, na aliyeandika mahudhurio. Hapakuwa na mkuu, kwa kuwa hapakuwa na wa kuongozwa.

Mambo yalibadilika miji ilipokua. Mwaka 1847 mji wa Boston ulijenga shule ya Quincy, ambayo kiongozi wake alikuwa John Philbrick. Watoto waligawanywa kwa madarasa kulingana na umri na maendeleo yao, na kila mwalimu akapewa chumba chake. Utaratibu huo, ambao leo twauona kuwa wa kawaida kama jua kuchomoza, ulikuwa mgeni wakati ule, nao ulienea upesi katika miji mingine. Walimu wengi wakiwa chini ya paa moja, ilibidi mmoja wao apige kengele, apange ratiba, atunze madaftari na kusema na wazazi. Huyo aliitwa kwa Kiingereza “principal teacher”, yaani mwalimu aliye mkuu. Alikuwa na darasa lake kama wenzake, na kazi za ukuu alizifanya kabla ya masomo au baada yake.

Kadiri shule zilivyozidi kuwa kubwa, mwalimu huyo alipunguziwa vipindi, kisha akaondolewa darasani kabisa na kupewa ofisi. Neno nalo likafuata mwendo ule ule. “Teacher” likadondoka, “principal” likabaki peke yake, na kilichokuwa kivumishi kikawa nomino. Basi katika Kiingereza cha shule za Marekani yametokea yale yale tuliyoyaona kati ya mwalimu mkuu na mkuu wa shule, nasi twaweza kuyafuatilia hatua kwa hatua.

Chuo kikuu chaingia

Kwa muda mrefu hakuna aliyefikiri kwamba kazi hiyo yahitaji mafunzo yake. Vyuo vya ualimu, ambavyo cha kwanza cha serikali kilifunguliwa Lexington, Massachusetts, mwaka 1839, vilifunza kufundisha tu. Ukuu wa shule ulipatikana kwa umri, kwa sifa njema, au kwa kujuana na wakubwa wa mji.

Mabadiliko yalitoka mjini New York. Huko kilianzishwa mwaka 1887 chuo ambacho baadaye kiliitwa Teachers College, nacho mwaka 1898 kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1905 chuo hicho kiliwatunuku shahada ya udaktari watu wawili ambao majina yao hayakosekani katika historia hii: Ellwood Cubberley na George Strayer. Strayer alibaki kufundisha pale pale New York. Cubberley, ambaye hapo awali alikuwa amesimamia shule za mji wa San Diego, alirudi Chuo Kikuu cha Stanford. Wanafunzi wa hao wawili walienea nchi nzima wakiongoza shule na kusimamia elimu ya miji. Mwaka 1916 Cubberley alitoa kitabu juu ya uendeshaji wa shule za umma, na mwaka 1923 kingine kilichohusu hasa mkuu na shule yake.

Walifunza nini? Kwa sehemu kubwa walifunza majengo, fedha, sheria, takwimu na namna ya kuikagua shule kwa vipimo. Tusiwalaumu bila kuutazama wakati wao. Miji ilikuwa imejaa wahamiaji, shule hazikutosha, na wafanyabiashara waliokaa katika bodi za elimu walitaka kuona kila senti imekwenda wapi. Mwaka 1911 Frederick Taylor alikuwa ametoa kitabu chake juu ya kuendesha viwanda kwa njia za kisayansi, na kila mtu alitaka kuwa Taylor wa kazi yake. Cubberley mwenyewe alizifananisha shule na viwanda ambamo watoto ni mali ghafi ya kutengenezwa ili ifae jamii. Mwanahistoria Raymond Callahan, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alionyesha jinsi wakuu wa elimu walivyouogopa ukali wa magazeti na wafanyabiashara, wakachukua lugha ya kiwandani ili wapate kulinda kazi zao. Hivyo chuo kikuu kilipomtwaa mwalimu kumfanya mkuu, kilimfundisha karibu kila kitu isipokuwa lile alilolijua kwanza, yaani kufundisha.

Sauti ya Ella Flagg Young

Hata hivyo palikuwa na njia nyingine, na aliyeionyesha alikuwa mwalimu hasa. Ella Flagg Young alizaliwa mwaka 1845. Alianza kufundisha Chicago mwaka 1862, akiwa binti wa miaka 17 hivi. Akapanda ngazi moja baada ya nyingine: mwalimu wa darasa, kiongozi wa shule ya mazoezi, mkuu wa shule, msimamizi msaidizi wa shule za mji. Alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini aliingia Chuo Kikuu cha Chicago, akasoma kwa John Dewey, na mwaka 1900 akapata shahada ya udaktari.

Andiko lake la shahada lilihusu utengano ndani ya shule. Aliona kwamba shule zilikuwa zikigawanyika kuwa watu wachache wanaofikiri na watu wengi wanaotekeleza. Mwalimu anayeletewa amri zilizokwisha kukatwa, alisema, hawezi kumlea mtoto awe raia mwenye fikira huru, kwa kuwa yeye mwenyewe si huru. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa mabaraza ya walimu, ambamo waliomo madarasani wangekuwa na sauti katika mambo ya shule. Mwaka 1909 alifanywa msimamizi wa shule zote za Chicago, mwanamke wa kwanza kuongoza elimu ya mji mkubwa namna ile, na mwaka 1910 akachaguliwa kuwa rais mwanamke wa kwanza wa chama cha taifa cha elimu. Alishika usimamizi wake hadi mwaka 1915.

Hapana shaka njia yake haikufuatwa. Vyuo vikuu vilishika njia ya Cubberley. Matokeo yake yaliwagusa wanawake kuliko watu wengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule za msingi zilizoongozwa na wanawake zilikuwa nyingi, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia idadi hiyo ilipungua sana. Askari waliorudi vitani walisomeshwa kwa msaada wa sheria ya mwaka 1944, na wanaume wengi miongoni mwao walipata shahada za juu na vibali vya ukuu. Mwanamke aliyefundisha miaka ishirini akajikuta akiongozwa na kijana ambaye vumbi la chaki halijamshika vidoleni.

Vyeti vingi, wakuu wachache

Mwaka 1950 mfuko wa Kellogg ulitoa fedha kwa vyuo vikuu vinane ili viboreshe mafunzo ya uongozi wa shule, na mwaka 1956 ukaundwa umoja wa vyuo vikuu vinavyotoa mafunzo hayo. Sasa lugha ya kiwandani ilitupwa, ikaja lugha ya sayansi za jamii. Wanafunzi walisoma nadharia za taasisi, za mamlaka na za tabia za watu katika vikundi. Majimbo mengi yalikwisha kudai kwamba atakaye kuwa mkuu awe na shahada ya uzamili au masomo yanayolingana nayo, na vyuo vilivyoitoa vikaongezeka kama uyoga baada ya mvua.

Ila wingi huo ulikuwa na ugonjwa ndani yake. Katika wilaya nyingi mshahara wa mwalimu ulipanda kwa idadi ya masomo ya juu aliyoyapata, yawe yanahusu kazi yake au hayahusu. Walimu wakaona kwamba masomo ya uongozi yalifunzwa jioni, karibu na nyumbani, na hayakuwa mazito. Vyuo vikaona kwamba masomo hayo hayahitaji maabara wala vyombo, na karo yake huingia bila taabu. Pande mbili zikakutana sokoni. Kukawa na maelfu ya wenye vibali vya ukuu ambao hawakuwa na nia hata siku moja ya kuongoza shule.

Mwaka 1987 tume ya taifa iliyochunguza mafunzo hayo ilitoa taarifa yake. Vyuo vilivyoyatoa vilikuwa kama 500, nayo ilipendekeza kwamba visivyopungua 300 viache. Mwaka 1996 viliwekwa viwango vya taifa kuhusu yampasayo kiongozi wa shule, na katika viwango hivyo ufundishaji na maendeleo ya mtoto yalirudishwa katikati. Kisha mwaka 2005 Arthur Levine alitoa uchunguzi wake, akisema kwamba sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni hafifu, na mengine ni ya aibu. Msomaji atashangaa kujua kwamba Levine wakati huo alikuwa rais wa Teachers College, chuo kile kile kilichowatunuku Cubberley na Strayer miaka mia moja kabla.

Lakini si wote waliokuwa wakilala. Katika jimbo la Mississippi, Chuo Kikuu cha Delta State kiliweka utaratibu ambao mwalimu huachwa huru na kazi yake ya darasani kwa mwaka mzima huku akilipwa mshahara. Mwaka huo huutumia akikaa katika shule za msingi, za kati na za sekondari, chini ya wakuu wazoefu, akifanya kazi yenyewe na kurudi chuoni kuijadili. Wachunguzi wa Stanford walioupima utaratibu huo na mingine michache, katika taarifa yao ya mwaka 2007, waliutaja kuwa wa mfano. Uingereza nayo ilianzisha sifa ya taifa ya ukuu wa shule mwaka 1997, na mwaka 2000 ikaunda chuo cha taifa cha viongozi wa shule mjini Nottingham, ambacho Levine alikisifu. Kuanzia mwaka 2009 mkuu mpya alilazimika kuwa na sifa hiyo. Mwaka 2012 sharti hilo likaondolewa. Kwa hiyo hata huko wangali wakitafuta kipimo kilicho sawa.

Afrika Mashariki

Uzi unaotufunga na historia hii si mwembamba. Mwaka 1961 ulianza mpango wa kuleta walimu wa Kimarekani kufundisha sekondari za Uganda, Kenya na Tanganyika. Chuo kilichousimamia kilikuwa Teachers College ya New York, na wengi wa walimu hao walipitia Makerere kabla ya kupelekwa shuleni. Walimu wakuu wa Kiafrika nao walipanda upesi katika miaka hiyo, kwa kuwa wageni walikuwa wakiondoka na viti vikibaki wazi. Mtu alikuwa mwalimu Ijumaa na mkuu Jumatatu, na elimu yake ya ukuu ilikuwa kumbukumbu ya jinsi mkuu wake wa zamani alivyotembea na kukohoa.

Serikali zetu ziliona upungufu huo. Tanzania ilianzisha chuo cha uongozi wa elimu, MANTEP, huko Bagamoyo mwaka 1979, ambacho tangu mwaka 2001 ni wakala uitwao ADEM. Kenya ilianzisha chuo chake cha watumishi wa elimu mwaka 1981. Nchini Rwanda, Koleji ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Rwanda imeshirikiana na shirika la VVOB la Ubelgiji kutoa stashahada ya uongozi wa shule kwa walio kazini. Vyuo vikuu vya kanda hii navyo vina shahada za uzamili za uongozi na uendeshaji wa elimu.

Hapa Uganda sababu ya kuyataka mafunzo hayo ilidhihirika kwa njia ya uchungu. Uchunguzi uliofanywa katikati ya miaka ya 1990 ulionyesha kwamba, kati ya mwaka 1991 na 1995, shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ambayo serikali kuu iliitoa kwa ajili ya matumizi yake. Iliyobaki iliishia njiani, na walimu wakuu wengi hawakujua hata kiasi walichostahili kudai. Serikali ilianza kuchapisha malipo hayo magazetini na kutaka yabandikwe shuleni, na fedha zilizofika zikaongezeka sana. Mwaka 1997, elimu ya msingi kwa wote ilipoanza, wanafunzi waliruka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5. Mwalimu mkuu asiyejua kusoma hesabu katika hali ile alikuwa hatari kwa watoto hata kama alikuwa bingwa wa ubao.

Nami sina budi kukiri la kwangu. Mwaka fulani mkuu wetu aliugua, nikaambiwa nikaimu kwa muhula mmoja. Nilikuwa na stashahada yangu ya elimu na miaka mingi ya kufundisha. Ngeli za nomino nilizijua kama vidole vya mkono wangu. Asubuhi ya kwanza mtunza stoo aliniletea karatasi ya magunia ya posho na maharage, nikatia sahihi. Jioni nilipokwenda kuhesabu, magunia mawili hayakuwapo. Hakukamatwa mtu, kwa maana karatasi yenye jina langu ilisema yote yamefika, na thamani yake ikakatwa katika mshahara wangu. Hilo lilikuwa funzo la ujinga wangu wa leja.

Lakini liko la pili, nalo ndilo linalonisumbua hadi leo. Muhula ule mzima nilishinda katika vikao vya ada na matengenezo ya vyoo. Mikondo yangu miwili ya kidato cha tatu ilikaa majuma mengi bila mwalimu wa Kiswahili, na matokeo yao yalipotoka, yalisema wazi. Magunia mawili niliyalipa. Majuma yale ya watoto hayana leja ya kuyalipia.

Tufanyeje?

Kwa hiyo sisemi kwamba mwalimu aende ofisini na chaki yake tu. Aliyesema hivyo hajawahi kukabidhiwa funguo za stoo. Mafunzo ya juu ya ukuu yanahitajika, na serikali inayompandisha mwalimu bila kumfunza inamdhulumu yeye na shule pia. Ninachosema ni kwamba historia tuliyoipitia yaonyesha mitego mitatu. Wa kwanza ni kuifanya elimu ya ukuu iwe elimu ya mali na majengo pekee, kama zama za Cubberley. Wa pili ni kuifanya nadharia tupu isiyogusa shule. Wa tatu, ambao sisi twaukaribia kwa mbio, ni kuigeuza shahada kuwa ngazi ya mshahara, ikanunuliwa Jumamosi na Jumapili na watu wasiokusudia kuitumia.

Dawa yake si ngeni. Wateuliwe kwanza walimu ambao wenzao wanawashuhudia kuwa ni walimu. Wapewe muda wa kukaa katika shule za wakuu hodari, wakague stoo, waandae makisio, wasikilize malalamiko ya wazazi, na pia waingie madarasani kumsaidia mwalimu mchanga kutengeneza andalio la somo. Wapatapo ukuu, wabakiziwe mkondo mmoja wa kufundisha, hata vipindi vitatu kwa juma, na awepo mwalimu wa kuwashikia kipindi wanapoitwa wilayani. Mkuu anayesahihisha madaftari usiku hatasahau kwamba chaki zimekwisha.

Wahenga walituachia neno: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mwalimu mkuu naye huundwa, na chombo kikiundwa vibaya wanaozama ni abiria. Nasi walimu wa Kiswahili tulio nje ya Tanzania na Kenya, ambao mara nyingi twaulizwa na wizara na shule ni jina gani litumike vibaoni mlangoni, tuna nafasi ndogo ya kuchangia. Tukiulizwa, tuseme “mwalimu mkuu”, kisha tudai kwamba anayeingia mlango huo astahili nomino yake kabla ya kupewa kivumishi.